Gari limeibwa, bima wamekataa kulipa: nani anatakiwa kuthibitisha nini

Barua ya kukataa dai la gari lililoibwa huwa fupi. "Tumepitia dai lako kwa makini," kisha namba ya kifungu, kisha "tunasikitika kukujulisha." Wengi wanaoniletea barua hizo wameshakata tamaa, wanazisoma kana kwamba ni hukumu. Si hukumu. Ni msimamo wa upande mmoja wa mkataba, na mimi kazi yangu ni kuupima msimamo huo neno kwa neno.

Kabla ya kuandika chochote, jiulize kampuni imekataa kwa msingi gani. Inasema wizi haukutokea? Inakubali wizi ulitokea ila mkataba haufidii wizi wa namna hiyo? Au inasema ulificha jambo siku ulipokata bima? Barua nyingi huchanganya yote matatu, na mwenye gari naye hujibu yote kwa mpigo, kwa hasira, kurasa nne. Omba kwa maandishi wakutajie kifungu wanachokitegemea na ukweli unaowafanya wakitumie. Omba pia nakala ya fomu uliyojaza mwanzoni, maelezo uliyotoa kwa mpelelezi wao, na ripoti ya mpelelezi huyo. Ripoti wanaweza kukunyima. Fomu na maelezo yako mwenyewe ni vigumu kukunyima kwa hoja ya maana.

Sasa mzigo wa ushahidi. Katika nchi nyingi anayedai ndiye anayeanza: wewe unaonyesha kwamba gari liliibwa. Kiwango lakini si kile cha kesi ya jinai. Inatosha ionekane kuwa kuibwa kuna uwezekano zaidi kuliko kutoibwa; hutarajiwi kumleta mwizi mkononi. Taarifa ya polisi iliyotolewa mapema, maelezo yasiyobadilika, jirani aliyeliona gari jioni ile, risiti ya mafuta ya siku hiyo: vitu vya kawaida hivi, vikikubaliana, vina uzito. Ukishafika hapo mzigo unahama. Kampuni ikitaka kutumia kifungu cha mambo yasiyofidiwa, yenyewe ndiyo ithibitishe kwamba kifungu hicho kinahusika. Ikisema umefanya ulaghai, ithibitishe ulaghai, tena kwa ushahidi mzito. Shaka ya mpelelezi haitoshi, hata ikiandikwa kwa herufi kubwa.

Ugomvi ninaoukuta zaidi ni wa funguo. Mteja mmoja alinunua gari lililokwishatumika, akapewa ufunguo mmoja. Gari lilipoibwa, kampuni ikapata kumbukumbu za mtengenezaji kwamba lilitoka kiwandani na funguo mbili, ikaandika: "Umeshindwa kuwasilisha funguo zote, hivyo umekiuka masharti." Tulichukua mkataba wa mauziano. Chini kabisa, kwa mwandiko wa muuzaji, yalikuwepo maneno "ufunguo 1 umekabidhiwa." Tulichukua fomu ya bima: hakuna swali hata moja lililouliza idadi ya funguo. Kisha tukaomba ufunguo uliokuwepo usomwe, maana aina fulani za funguo za kisasa hutunza kilomita za mara ya mwisho gari lilipotumika nao. Kilomita zikaendana na kadi ya matengenezo. Hoja ya kampuni ilikuwa imesimama juu ya ufunguo ambao mtu huyu hakuwahi kuushika, na ilipoonekana hivyo walilipa.

Hoja nyingine ya aina hiyohiyo: "Hakuna vioo vilivyovunjika, kwa hiyo gari lilifunguliwa kwa ufunguo wako." Kwa gari linalowaka kwa kitufe, hoja hiyo ni dhaifu sana. Wezi wawili wanaweza kufanya kazi pamoja, mmoja akasimama karibu na nyumba na kifaa kinachonasa mawimbi ya ufunguo uliomo ndani, mwenzake akayapokea kando ya gari. Gari hudhani ufunguo upo, likafunguka na kuwaka. Hakuna kioo chini, hakuna kufuli lililong'olewa. Usiishie kulisema hilo kwa mdomo. Pata maandishi ya fundi anayelijua gari la aina yako, aeleze kama mfumo wake unaweza kuibwa hivyo.

Mahali ambapo huwa nawaambia watu ukweli mchungu ni wizi wa hila. Umetangaza gari unaliuza, mtu kaja, umempa ufunguo alijaribu, hakurudi. Mikataba mingi haifidii hasara ya mtu kutapeliwa gari kwa hiari yake, na vivyo hivyo ufunguo ulioachwa ndani ya gari. Hapo kila kitu kinategemea maneno yenyewe. Kifungu kikiwa na maana mbili, mahakama kwa kawaida huegemea ile isiyompendelea aliyekiandika, yaani kampuni. Kikiwa wazi, sitakuahidi ushindi.

Kuhusu kuficha taarifa, makampuni hupenda kutaja wajibu wa nia njema kamili, yaani kumweleza mtoa bima mambo yote muhimu unayoyajua kabla ya kukata bima. Wajibu huo ulielezwa katika kesi maarufu ya Uingereza ya 1766, Carter dhidi ya Boehm, mbele ya jaji Lord Mansfield. Kinachosahaulika ni kwamba mwenye bima ndiye aliyeshinda kesi ile: Mansfield alisema pia kwamba hulazimiki kumweleza mtoa bima kile anachokijua au alichopaswa kukijua. Uingereza baadaye ilikwenda mbali zaidi. Tangu sheria ya 2012 mtu wa kawaida anatakiwa kujibu kwa uangalifu maswali aliyoulizwa, basi. Na sheria ya 2015 inaizuia kampuni kutegemea sharti lililovunjwa ikiwa kulivunja kusingeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea, kwa namna ilivyotokea. Ukaguzi wa breki uliopitwa na muda hauhusiani na gari lililoibwa likiwa limeegeshwa. Sheria ya nchi yako inaweza kuwa kali zaidi, lakini jenga hoja hiyo hata hivyo, kwa sababu wasuluhishi wengi huangalia haki na siyo herufi peke yake. Na kama fomu ilijazwa na wakala wa kampuni, andika hivyo waziwazi: alichokijua wakala mara nyingi huhesabiwa kuwa kampuni ilikijua.

Usiongeze uongo mdogo ili kulipamba dai la kweli. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua mwaka 2016 kwamba uongo usiobadilisha haki ya kulipwa hauui dai. Kwingine unaweza kuliua kabisa, na popote pale unamfanya msomaji wa faili aache kukuamini.

Malalamiko yaanze ndani ya kampuni, kwa maandishi, yakibeba kifungu kimoja na majibu yake. Wakishikilia msimamo, peleka kwa msuluhishi wa bima au mamlaka inayosimamia bima kabla ya mahakama. Kwa kawaida gharama yake ni ndogo. Angalia tarehe za mwisho, zile za mkataba na zile za sheria, kwa sababu mazungumzo ya simu hayazisimamishi. Na mkopo wa gari endelea kuulipa, benki haisubiri ugomvi wako uishe.

Wakikubali kulipa, watakupa hati ya kusaini. Fidia kwa kawaida ni thamani ya gari sokoni muda mfupi kabla ya kuibwa, na kiasi kilichoandikwa kwenye bima ni kikomo tu. Ukiona thamani yao iko chini, kusanya bei za magari ya mwaka, aina na kilomita kama za lako. Usisaini kwamba umepokea "malipo kamili na ya mwisho" wakati bado mnabishana. Omba wakulipe kiasi wasichokipinga, na hati iseme kwamba salio bado linadaiwa.