Kromosomu X ya pili haijafa

Utasikia, hata kwa waliosoma baiolojia, kwamba mwanamke ana kromosomu X (uzi wa DNA unaobeba jeni) mbili lakini moja imekufa tangu mimba inapotungwa. Si kweli. Seli shina za mwanzo kabisa za kiinitete cha kike, zenye uwezo wa kuwa seli ya aina yoyote mwilini, hutumia X zote mbili. Zinapoanza kugawana kazi ndipo moja huzimwa: jeni ya XIST hutoa RNA (molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye jeni) inayoifunika X ileile ilikotoka, na X hiyo hujikunja. Ya baba au ya mama? Bahati nasibu, kila seli kivyake, na seli zinazotokana nayo hufuata uamuzi huohuo.

Pita soko la samaki Feri, Dar es Salaam, umtazame paka mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa. Karibu kila mara ni jike. Jeni ya chungwa imo kwenye X, hivyo kila baka ni ukoo wa seli zilizozima X ileile. Mwanajenetiki Mwingereza Mary Lyon alilieleza hili mwaka 1961, kwa kuchunguza panya.

Na hata X iliyozimwa haizimiki yote. Baadhi ya jeni zake huendelea na kazi. Kwenye seli zinazotengeneza mayai, X hiyo huwashwa tena.