Mtihani wa saa nane mchana: wanafunzi wa Dublin katika vita vya uhuru wa Ireland

Jumatatu ya tarehe 20 Septemba 1920, Kevin Barry alikuwa na mtihani saa nane mchana. Alikuwa na umri wa miaka 18, akisomea udaktari katika University College Dublin, chuo ambacho Wairishi wenyewe hukiita UCD. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa na wenzake wa jeshi la siri lililopigania uhuru wa Ireland, karibu na bekari ya Monks, Church Street, bastola mfukoni, wakilisubiri lori la jeshi la Uingereza lililozoea kuja kuchukua mikate. Lengo lao lilikuwa kuwanyang'anya askari bunduki na kuondoka. Barry alitarajia kumaliza kazi hiyo na bado awahi chumba cha mtihani.

Hakuwahi. Risasi zilianza kulia, bastola yake ikakwama, naye akajibanza chini ya lori lile lile. Wenzake walitoroka, yeye akakamatwa. Askari watatu walipoteza maisha: Harold Washington, Thomas Humphries na Marshall Whitehead. Ninawataja kwa majina kwa sababu nao walikuwa vijana wadogo, na anayesimulia historia hii bila wao anasimulia nusu yake.

Katika kufundisha historia ya Ireland nimeona kwamba swali la kwanza la wanafunzi wetu ni hili: kwa nini msomi, mwenye nafasi ambayo wengi waliililia, aingie katika hatari ya namna hiyo? Kuelewa jibu kunahitaji kukijua chuo chenyewe. Dublin tayari ilikuwa na Trinity College, iliyoanzishwa mwaka 1592, na kwa karne nyingi hicho kilikuwa chuo cha Waprotestanti, tabaka lililoitawala nchi kwa niaba ya taji la Uingereza. Wakatoliki ndio waliokuwa wengi nchini, lakini elimu ya juu ilikuwa mbali nao. Mwaka 1854 Kanisa lilifungua chuo kikuu chake Dublin, ila serikali haikuzitambua shahada zake. Ilipofika mwaka 1908 ndipo sheria ilipounda Chuo Kikuu cha Taifa cha Ireland, chenye matawi Dublin, Cork na Galway. Milango ikafunguka kwa watoto wa wenye maduka, wakulima na walimu, wengi wakisoma kwa ufadhili. Barry mwenyewe alikuwa mtoto wa mjane. Familia yake ilikuwa na biashara ya maziwa mjini na shamba huko Tombeagh, wilaya ya Carlow. Alisoma kwa ufadhili wa halmashauri ya jiji.

Vijana hawa hawakukuta UCD kimya. Profesa wa historia ya kale ya Ireland, Eoin MacNeill, ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi wa Irish Volunteers, kikosi cha wazalendo waliojitolea. Mhadhiri wa fasihi ya Kiingereza, Thomas MacDonagh, alitia saini tangazo la jamhuri katika maasi ya Pasaka ya mwaka 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza, akapigwa risasi na jeshi tarehe 3 Mei mwaka huo. Hebu fikiria darasa ambalo mwalimu wake hakurudi baada ya Pasaka kwa sababu serikali imemuua.

Pasaka hiyo hiyo iliwagawa wanafunzi wa mji mmoja. Trinity ililindwa na kikosi chake cha mafunzo ya kijeshi, upande wa Uingereza. Ernie O'Malley wa UCD, naye wa udaktari, nusura aende na marafiki zake kuilinda Trinity. Akabadili mawazo, akatafuta bunduki, akawalenga askari wa Uingereza. Miaka mitano baadaye alikuwa kamanda wa divisheni nzima ya jeshi la msituni. Brigid Lyons, msichana aliyekuwa akisomea udaktari Galway, aliwahudumia wapiganaji katika jengo la mahakama la Four Courts, kisha akafungwa katika gereza la Kilmainham. Baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha afisa katika jeshi la dola mpya ya Ireland.

Nirudi kwa Barry. Sheria ya Agosti 1920 iliruhusu kesi za aina hii zipelekwe mahakama ya kijeshi, pasipo baraza la wazee wa mahakama. Tarehe 20 Oktoba alisimamishwa mbele ya maafisa akakataa kuitambua mahakama yao, akisema yeye ni askari wa Jamhuri ya Ireland. Upande wa mashtaka haukuhitaji kuthibitisha kwamba risasi yake ndiyo iliyoua. Ilitosha kwamba alikuwa miongoni mwa kundi. Siku chache kabla ya kifo chake aliapa kwa maandishi kwamba maafisa walimsokota mkono na kumtishia kwa singe ili awataje wenzake. Hakumtaja hata mmoja.

Alinyongwa asubuhi ya tarehe 1 Novemba katika gereza la Mountjoy, siku ya Watakatifu Wote, huku umati ukisali nje ya ukuta. Wiki moja kabla, Terence MacSwiney, meya wa Cork, alikuwa amekufa gerezani London baada ya kugoma kula kwa siku 74. Kwa maoni yangu London ilikosea hesabu vibaya: iliamini kamba ingewatisha vijana, kumbe iliwapa sababu. Wanafunzi wa UCD waliojiunga na mapambano waliongezeka baada ya siku hiyo.

Rafiki yake Frank Flood, mtoto wa polisi na mwanafunzi wa uhandisi aliyefaulu vizuri, alikuwa msemaji katika chama cha mdahalo cha chuo. Alikamatwa Januari 1921 baada ya shambulio la kuvizia lililoshindwa huko Drumcondra. Tarehe 14 Machi alinyongwa Mountjoy pamoja na wengine watano. Alikuwa na miaka 19.

Vita vilisimama Julai 1921. Mkataba na Uingereza ulijadiliwa na wabunge wa Ireland katika jengo la UCD lenyewe, Earlsfort Terrace, ukapita tarehe 7 Januari 1922 kwa kura 64 dhidi ya 57. Kura hiyo iliwapasua hata waliosoma chuo kimoja. Rory O'Connor, aliyeupinga mkataba, alikuwa mpambe wa Kevin O'Higgins, aliyeuunga mkono, siku ya harusi ya O'Higgins. Mwaka mmoja na wiki chache baada ya harusi hiyo, O'Higgins akiwa waziri, serikali yake ilimpiga O'Connor risasi bila kesi.

Walionyongwa Mountjoy walizikwa ndani ya gereza, kama sheria ya Uingereza ilivyotaka. Ni desturi ile ile iliyomfuata Dedan Kimathi hadi Kamiti mwaka 1957. Mwaka 1934 dirisha la vioo vya rangi lilizinduliwa chuoni kumkumbuka Barry, lakini mwili wake ulibaki Mountjoy hadi tarehe 14 Oktoba 2001, serikali ilipowafanyia mazishi ya kitaifa watu kumi waliofukuliwa humo. Patrick Maher alipelekwa kwao Limerick. Wale tisa waliobaki wamelala makaburi ya Glasnevin, Barry na Flood wakiwemo. Kabla hajanyongwa, Flood alikuwa ameomba azikwe karibu na rafiki yake.