Mama veterani aliyepooza: usifiche mkojo, usifiche mimba

Ofisi yetu hapa Marekani husaidia maveterani kudai haki zao kutoka Idara ya Maveterani, yaani VA. Wapo waliozaliwa Kenya na Tanzania, wakahamia huku na kuvaa sare, na maswali ya akina mama walioumia uti wa mgongo yamezidi. Akina mama ni wachache mno kati ya maveterani wenye jeraha hili, ndiyo maana mengi wodini yamepangwa kwa mwili wa mwanamume.

Chukua mpira wa mkojo. Mwanamume huweza kuuingiza akiwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu. Mwanamke mara nyingi lazima ahame, avue, atafute na kioo. Wengine hupunguza maji ili wasihangaike, maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) yakawaandama. Semeni hayo kwa daktari, kuna njia nyingine.

Na tuliseme tena: kupooza hakufungi kizazi. Hedhi inaweza kusimama miezi kadhaa baada ya jeraha, kisha ikarudi, na mimba hushika. Anayetatizika zaidi kupata mtoto ni mwanamume, kwa sababu ya shida ya kutoa manii na udhaifu wa mbegu. Dada anayeambiwa na shangazi zake kwamba hahitaji uzazi wa mpango anapotoshwa. Vidonge vyenye estrojeni navyo visimezwe bila daktari, maana damu ya asiyetembea huganda kwa urahisi.

Aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake awe macho zaidi. Uchungu wa uzazi, hata kipimo cha mlango wa kizazi, unaweza kumpandisha shinikizo la damu ghafla: kichwa kinagonga, jasho linamtoka, uso unaiva. Hali hii huitwa otonomiki disrefleksia. Mkunga asiyeijua hudhani ni dalili za kifafa cha mimba. Mwambieni mapema, na mjue shinikizo lenu la kila siku, kwani kwa wengi wenu huwa chini.

Sasa madai. Kutibiwa katika vituo vya VA vya uti wa mgongo hakuhitaji uwe umeumia vitani. Hata aliyegongwa na gari baada ya kuacha jeshi hupokelewa, mradi amekubaliwa katika huduma ya afya ya VA. Fidia ni jambo jingine: lazima jeraha lihusiane na utumishi. Anza na fomu 21-0966 ya kueleza nia ya kudai, inayokulindia kwa mwaka 1 tarehe ambayo fidia itahesabiwa kuanzia, kisha 21-526EZ, yaani dai lenyewe. Mwaka ukipita bila dai, tarehe hiyo imepotea, pamoja na malipo ya nyuma. Barua ya uamuzi nayo hukupa mwaka 1 wa kupinga.

Hapa ndipo aibu inapowagharimu. Miguu yote miwili ikipooza kutokana na utumishi, pamoja na kushindwa kuzuia mkojo na haja kubwa, sheria hutoa malipo maalumu ya ngazi ya herufi O, juu zaidi ya yale ya miguu peke yake. Lakini faili likisema miguu tu, mtathmini ataona miguu tu.

Usipofika kwenye kipimo cha daktari ambacho VA inakupangia ili kuamua dai lako, bila sababu ya msingi, dai la kuongezewa fidia hukataliwa. Dai la kwanza huamuliwa kwa karatasi zilizopo. Kama hutaki kumweleza daktari wa kiume habari za choo, omba wa kike mara tu unapopigiwa simu ya miadi.