Je, wajua sauti ya mono hutanuliwaje?

Santuri alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay kuanzia 1928 ni za mono: mwimbaji na ala zote wamepita njia moja. Zicheze leo kwenye spika mbili, kila kitu kitabanana katikati.

Sababu iko kichwani. Sauti ikitoka kushoto hutangulia kufika sikio la kushoto, na hata pengo hilo lisipofika milisekunde 1, ubongo hulikamata. Mono haina pengo: spika zote mbili zinasema neno lile lile kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo fundi wa sauti huzitofautisha. Njia nyepesi ni kuchelewesha upande mmoja. Mjerumani Helmut Haas alionyesha mwaka 1949 kwamba nakala ikichelewa milisekunde chache, hata kufikia 30 hivi, hatuisikii kama mwangwi wa pekee. Tunahisi tu sauti imejaa zaidi.

Ujanja huo una gharama. Chelewesha milisekunde 1, kisha upige wimbo kwenye simu yenye spika moja. Pande mbili zikijumlishwa, masafa (kasi ya mitetemo ya sauti) ya hezi 500, 1,500 na 2,500 yanapingana na kufutana, na mwimbaji anasikika kama anaimbia ndani ya bomba.

Aliyelitatua kwa akili, kwa maoni yangu, ni Holger Lauridsen wa redio ya taifa ya Denmark, miaka ya 1950. Nakala iliyochelewa aliijumlisha kushoto, akaitoa kulia. Masafa yanayofifia huku yanapanda kule, hivyo masikio yanapata upana. Ukiunganisha pande hizo, nakala inajifuta yenyewe na mono ya asili inarudi salama. Kampuni ya santuri ya Capitol ya Marekani, kwenye santuri zake za Duophonic za miaka ya 1960, yaani mono zilizotanuliwa, ilielemeza besi upande mmoja na sauti kali upande wa pili. Nyingi hazisikiliziki.

Kina, yaani hisia ya umbali, ni habari nyingine. Aliye karibu husikika mkavu. Aliye mbali huja na mwangwi wa kuta, ukali wa sauti umepungua. Fundi huongeza mwangwi unaotofautiana kushoto na kulia, besi akaiacha katikati. Kwa santuri kuukuu, mikwaruzo iondolewe kwanza, la sivyo kila mkwaruzo nao utapata mwangwi wake.