Orodha ya kijana wa Bweyogerere: dhana potofu kuhusu kompyuta ya gemu

Kijana mmoja wa Bweyogerere, karibu na Kampala, alinijia Jumamosi na orodha ya vipuri kwenye simu. "Fundi, kila kitu tayari, nimebakiza baraka zako tu." Tunaongea Kiswahili kwa sababu wote wawili tumekulia kambini, baba zetu wakiwa wanajeshi. Dukani Kampala ukianza kwa Kiswahili, ambacho wengi wanakiona lugha ya askari, bado wapo wanaodhani umekuja kukamata mtu.

Orodha ilikuwa hivi: kadi ya grafiki RTX 5090, prosesa ya viini 16 (kila kiini ni kama mfanyakazi mmoja), RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 64, mfumo wa kupozea kwa maji wenye taa za rangi zote, na chini kabisa, kama mkia wa mbuzi, pawa saplai (kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya shilingi 90,000. Skrini angeazima ile ya zamani ya ofisini kwa kaka yake.

Nilianza na mkia.

"Pawa saplai yoyote, mradi wati zitoshe"

Wati zilizo kwenye kibandiko ni ahadi ya aliyekibandika. Pawa saplai nyepesi ya bei ya kutupwa inaweza kuandikwa 850 na isihimili mzigo huo, na ikifa vibaya huondoka na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) na kadi. RTX 5090 peke yake imepangiwa hadi wati 575, na Nvidia wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 1,000. Kuifunga kwenye kile kiboksi ni kumfunga ng'ombe wa Ankole kwa uzi wa kushonea.

Wapo pia wenye hofu ya upande wa pili, kwamba ya wati 1,000 itamaliza yaka, umeme wa kulipia kabla, kabla ya wiki kwisha. Haifanyi hivyo. Huvuta ukutani kile tu ambacho vipuri vinaomba, na nyongeza kidogo inayopotea kama joto. Nembo ya 80 PLUS, iwe Bronze au Gold, inapima upotevu huo: Gold ikibeba nusu ya mzigo wake, katika kipimo cha volti 115, lazima ifikishe ndani angalau asilimia 90 ya umeme inaouvuta. Haikuhakikishii kinga volti zikipanda. Ndiyo maana mimi hutazama na dhamana. Anayekupa miaka kumi anaiamini kazi yake kuliko anayekuambia "ukishatoka dukani, imetoka".

Kwetu ukuta unatoa volti 240. Pawa saplai nzuri za leo hupokea kuanzia 100 hadi 240 bila kuguswa, lakini baadhi ya za zamani, hasa ndani ya mashine zilizotumika Marekani, zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma. Ikiwa imeachwa kwenye 115, utasikia mlio mmoja tu.

"Lakini nina UPS ya 650," kijana akajitetea, yaani kile kiboksi cha betri cha kushikilia umeme ukikatika. Hiyo 650 ni VA (volti mara ampea), si wati, na nyingi za ukubwa huo hubeba chini ya wati 400. Umeme ukikatika gemu likiwa limepamba moto, UPS nayo inazima palepale. Tena zile za bei nafuu hutoa wimbi la umeme la ngazi-ngazi, ambalo baadhi ya pawa saplai za kisasa hazilipendi. Tafuta inayotoa wimbi safi. Kuhusu radi za pande hizi za Ziwa Victoria, hata UPS nzuri si ngao kamili. Mawingu yakikusanyika, chomoa plagi. (Inanichekesha kwamba "Umeme" lilikuwa jina la kampuni iliyosambaza umeme nchini kwa miaka 20, hadi Machi 2025, na bado watu husema Uganda hakuna Kiswahili.)

"Viini vingi ndiyo kasi"

Ryzen 9 9950X ina viini 16 na kashe ya L3 (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa) ya MB 64. Ryzen 7 9800X3D, iliyotoka Novemba 2024, ina viini 8 tu lakini kashe ya MB 96. Kwenye gemu nyingi hiyo ya viini 8 ndiyo inayoongoza. Gemu nyingi hazijui kuwagawia kazi wafanyakazi 16, na kila kiini hupoteza muda kikingoja data kutoka kwenye RAM. Kashe kubwa huiweka data hiyo karibu, kama mpishi mwenye chumvi mkononi badala ya kumtuma mtoto dukani. Ingekuwa anahariri video za kwanjula (sherehe za utambulisho wa wachumba) kila wikendi, ningemwachia viini vyake 16. Hahariri chochote.

"GB za kadi ndizo nguvu zake"

Hii imewaliza wengi mjini. GT 730 ya mwaka 2014 bado inauzwa ikiwa na "4GB" kubwa kwenye boksi. GTX 1650 nayo ina GB 4, na ukizijaribu utaona inaiacha GT 730 mbali kabisa. RTX 3060 ya kwanza ina GB 12, RTX 3060 Ti ina GB 8, ila Ti kwa kawaida ndiyo yenye kasi: ina viini vidogo 4,864 dhidi ya 3,584, na njia pana zaidi ya kupitishia data. Kumbukumbu ni ukubwa wa meza, si wepesi wa mikono. Meza ikiwa ndogo mno kwa gemu zito, kweli utakwama, na kwa mashine ya leo ya hali ya juu nisingeshuka chini ya GB 16. Lakini usianzie hapo kulinganisha.

Mengine tuliyapita upesi. Maji hayapozi chini ya joto la chumba, na feni mbili kwenye kipozeo kizuri cha hewa zinatosha kabisa kwa 9800X3D; vumbi jekundu la Kampala ndilo adui, kwa hiyo nunua kasha lenye vichujio vya kuosha. RAM ya GB 64 kwa gemu ni sifa tu. Vijiti viwili vya GB 16 vinashinda kimoja cha GB 32 kwa sababu prosesa husoma kwa njia mbili. SSD (diski isiyozunguka) ya vizazi vipya inayosoma MB 14,000 kwa sekunde haitafungua gemu mara mbili ya ile ya 7,000. Na hakuna kadi inayopunguza ping, ule muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi. Data yako inasafiri kwa nyaya hadi pwani, Mombasa mara nyingi, kisha chini ya bahari hadi iliko seva. Kadi inachora tu kinachofika.

Mwisho tukafika kwenye skrini ya kaka. Ilikuwa ya 1080p (pikseli 1,920 kwa 1,080) na hertzi 60, yaani inaonyesha picha mpya 60 kwa sekunde, hata kadi ikichora 300. 5090 ya dola 1,999, bei ya uzinduzi, kuchora pikseli milioni 2! Tukaishusha hadi RTX 5070 Ti yenye GB 16 na wati 300, pawa saplai ya 850 ya kueleweka, na pesa iliyobaki ikanunua skrini ya 1440p ya hertzi 165.

Wiki mbili baadaye akapiga simu kwa hasira. "Fundi, umeniuza. Gemu linatambaa, fremu hata 20 hazifiki!" Nikamwambia ageuze kasha atazame waya wa skrini umechomekwa wapi. Kimya kidogo. Ulikuwa kwenye mazabodi, na ile grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa ndiyo iliyokuwa ikihangaika peke yake, kadi ikipumzika.

"Na ukiwa hapo hapo," nikaongeza, "ingia BIOS, ile mipangilio ya mazabodi, uwashe EXPO inayoiruhusu RAM kufikia kasi yake kamili. RAM yako ya 6000 inaendeshwa kwa 4800."