Kwa Nini Dawa Mpya Haimo Kwenye Majibu Yako ya Usaha

Wiki ya dunia ya kuhamasisha umma kuhusu usugu wa dawa huadhimishwa tarehe 18 hadi 24 Novemba kila mwaka, na kila inapokaribia maabara hupokea malalamiko yaleyale: majibu ya usaha yamechelewa, na ile dawa mpya mgonjwa aliyoisikia haimo kwenye fomu. Tunaelewa wasiwasi huo. Hata hivyo, upya wa dawa si ukali wake. Stafilokoka, bakteria wa kawaida wa vidonda na majipu, ambayo bado inauawa na kloksasilini (dawa ya zamani ya jamii ya penisilini) hutibika vizuri zaidi kwa kloksasilini kuliko kwa vankomaisini, antibiotiki ya sindano, na hili tumelieleza mara nyingi.

Kuhusu muda: usaha huoteshwa usiku kucha. Kesho yake bakteria huchanganywa na maji ya chumvi hadi ukungu wake ulingane na kipimo cha 0.5 cha McFarland (kipimo cha ukungu kinachoonyesha wingi wa bakteria), na ndani ya dakika 15 mchanganyiko huo hupakwa kwenye agari, rojo la kuoteshea bakteria, yenye kina cha milimita 4. Diski za dawa, yaani vikaratasi vya duara vyenye dawa, hupangwa juu yake, kisha sahani hukaa kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Kuzunguka diski ya sefoksitini, dawa inayotuonyesha usugu kwa methisilini, tunapima duara lisilo na bakteria. Kwa stafilokoka aurea, aina kali ya stafilokoka, likiwa chini ya milimita 22, bakteria huyo anahesabiwa kuwa sugu kwa methisilini, yaani kloksasilini nayo haitamuua. Hakuna hatua ya kuruka hapo, hata kwa simu kumi.

Dawa mpya zina masharti yake. Daptomaisini haipimwi kwa diski, bali kwenye supu (maji ya lishe ya bakteria) yenye kalisi miligramu 50 kwa lita. Kalisi ikipungua, bakteria anayeuawa ataonekana sugu. Dalbavansini hung'ang'ania plastiki ya vishimo vya kupimia, hivyo bila polisorbeti 80, kiambato kinachozuia dawa kunata, dawa inabaki ukutani na majibu yanadanganya. Tena, sampuli ikiwa ni makohozi, daptomaisini hatuiandiki kabisa, maana utelezi wa ndani ya mapafu huizima. Mgonjwa akiambiwa "maabara imesahau", si kweli.

Sampuli isiyo na jina, tarehe na saa ya kuchukuliwa hukataliwa na kurudishwa, na muda unaanza upya. Kidonda kisafishwe kwanza, ndipo sampuli ichukuliwe ndani; pamba iliyopitishwa juu juu hutuletea stafilokoka wa kawaida wa ngozini, tukawapima bure. Inapowezekana, sampuli itangulie dozi ya kwanza, ila mgonjwa mahututi asicheleweshewe matibabu kwa ajili yetu, na aliyekwisha kuanza dawa asiache bila kauli ya daktari. Mwambieni anayejaza fomu dawa mliyomeza na saa ya dozi ya mwisho. Semeni jina la dawa, au njooni na pakiti. "Vidonge vyekundu" ni maelezo yasiyotusaidia.