Unapouza nyumba ya wageni wa muda mfupi, unauza nini hasa?

Wenye nyumba wengi wanaonijia kutaka kuuza huanza na nyota. Wananionyesha tangazo lao la Airbnb kwenye simu: wastani wa nyota 4.9, maoni ya wageni yamejaa, kila mmoja anasifu usafi na ukarimu. Nawaelewa, maana nyota hizo wamezitolea jasho. Hata hivyo, kabla hatujagusa bei, lazima niwaeleze kwamba nyota hizo hazimo kwenye mauzo.

Airbnb, mtandao wa kukodishia wageni nyumba, hairuhusu akaunti kuhamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Tangazo na maoni yake yamefungwa kwenye jina lako. Mnunuzi atafungua tangazo jipya la nyumba ile ile, na litaanza bila maoni hata moja. Hadhi ya Superhost, yaani mwenyeji bora, nayo hupimwa kila baada ya miezi mitatu kwa kumwangalia mwenyeji: anajibu wageni upesi kiasi gani, anaghairi mara ngapi, wageni wanampa alama gani. Jengo halina hadhi hiyo, unayo wewe.

Wapo wanaopeana nywila kimyakimya ili mnunuzi aendelee na tangazo la zamani. Sikubali kusimamia mauzo ya namna hiyo. Kitambulisho kilichosajiliwa ni chako, mapato yataendelea kuhesabiwa kwako mbele ya mamlaka ya kodi, na mgeni akianguka kwenye ngazi za nyumba usiyoimiliki tena, jina litakalotafutwa ni lako. Kampuni ikigundua, inaweza kufunga akaunti nzima, bukingi zikiwa ndani.

Basi mnunuzi analipia nini? Jengo, vilivyomo, na ushahidi kwamba nyumba inaingiza pesa. Huo ushahidi ndio unaopandisha bei juu ya bei ya nyumba ya kawaida, na wauzaji wengi huuandaa vibaya. Picha ya skrini yenye mapato ya mwezi wa msimu haimsaidii mnunuzi makini. Anataka taarifa za mwezi kwa mwezi za miaka miwili au mitatu, miezi ya wageni wachache ikiwemo, zilingane na taarifa za benki na marejesho ya kodi. Anataka kuona mapato baada ya kutoa kamisheni, usafi, umeme, maji, intaneti, bima, matengenezo na kubadilisha mashuka. Halafu kuna gharama ambayo karibu kila muuzaji huisahau: kazi yake mwenyewe. Kama wewe ndiye unayejibu ujumbe saa nane usiku na kukimbia kununua balbu, mnunuzi atakayeajiri msimamizi atakata ujira huo kwenye faida. Ukate wewe kwanza. Hesabu unayoitoa mwenyewe, na yenye gharama zote, hujenga imani kuliko maelezo marefu.

Leseni nayo ichunguzwe mapema, kwani mahali pengi hupewa mtu, haifuati nyumba, na sheria hubadilika. Jijini New York, tangu Septemba 2023, anayepangisha kwa chini ya siku 30 lazima awe amesajiliwa na awepo nyumbani wageni wakiwepo. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba leseni za fleti za watalii hazitahuishwa zitakapokwisha Novemba 2028. Mnunuzi aende mwenyewe kwenye ofisi husika apate jibu la maandishi, na muuzaji asitoe ahadi juu ya kitu ambacho si chake kukitoa.

Sasa tufike penye ugomvi hasa: bukingi za mbele. Unasaini mauzo huku kalenda ina wageni wa miezi minne ijayo. Ukiwaghairi kwa sababu umeuza, unaharibu safari za watu na unaweza kutozwa faini. Ukiwaacha, pesa zao zitaingia kwako ilhali nyumba si yako. Nawashauri wauzaji wafunge kalenda kwa tarehe zinazofuata siku ya makabidhiano mara tu mazungumzo yanapokuwa ya dhati, kisha zilizokwisha kuingia ziorodheshwe kwenye kiambatisho cha mkataba: tarehe, idadi ya usiku, kiasi baada ya kamisheni, na nani anampokea mgeni.

Mgumu kuliko wote ni mgeni anayelala nyumbani siku umiliki unapohama. Tuchukue bukingi ya usiku saba, makabidhiano yakiangukia baada ya usiku wa tatu. Airbnb kwa kawaida hutoa malipo ya mwenyeji yapata saa 24 baada ya mgeni kuingia, kwa hiyo pesa za usiku zote saba zimekwisha kufika kwa muuzaji. Usiku nne ni za mnunuzi, zikatwe sehemu yake ya kamisheni. Ada ya usafi haigawanywi: yote iende kwa mnunuzi, kwa sababu mgeni akiondoka, yeye ndiye atakayemlipa mfanyausafi. Na mkataba useme nani atabeba hasara mgeni akidai kurudishiwa pesa kwa kosa lililotokea usiku wa pili. Aya moja tu ya mkataba huzuia miezi ya kuvutana.

Orodha ya anwani za wageni wa zamani nayo si mali ya kugawa hivi hivi. Kwa taarifa za watu zinazolindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, mgeni aliyekupa barua pepe kwa ajili ya malazi yake hajakupa ruhusa ya kuiuza. Ukiwa na tovuti yako ya bukingi za moja kwa moja, jina la tovuti unaweza kulihamisha. Orodha ya wateja ipitiwe na wakili kwanza.

Samani ziandikwe moja moja, chumba kwa chumba, na picha. "Na vilivyomo" ni maneno ya hatari: mmoja anawaza vitanda na jokofu, mwingine anawaza hadi mashuka ya akiba na mashine ya kahawa.

Siku ya kukabidhiana, kufuli za kielektroniki, kamera za nje na ruta zirudishwe kwenye mipangilio ya kiwandani mbele ya mnunuzi, kisha azisajili kwa akaunti yake papo hapo. Nambari zote za mlango zifutwe, za mfanyausafi na fundi zikiwemo, na mnunuzi atoe mpya kwa anaowataka. Mgeni aliye ndani apelekewe nambari yake mpya kabla ya ile ya zamani kuzimwa.